Pima Tena, Mwenye Pamba Anaangalia

Sebuleni kwa baba yangu mkubwa, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, palitundikwa mizani. Ni ile mizani ya pamba ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani na ndoano kwa chini. Rangi yake imebanduka na kioo kimepasuka karibu na kilo 60, lakini mshale bado unarudi sifuri kila mzigo unaposhushwa. Aliinunua chakavu siku ghala la ushirika lilipokuwa likiuza vitu vyake, akaifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, kisha akaipeleka mjini Bariadi ikakaguliwe. Kila mwaka msimu wa pamba ulipofunguliwa, aliishusha ukutani akaifunga kwenye tawi la mwembe wa uani. Majirani walifika alfajiri na mizigo yao, wakapima, wakaandikiwa kilo zao kwenye kipande cha karatasi, ndipo wakaenda kwa mnunuzi. Hakutoza mtu hata senti.

Mzigo ukishatulia kwenye ndoano na mwenye nao akishasoma, Baba Mkubwa alikuwa na neno moja: pima tena. Alisema hivyo hata kama mzigo ni wake mwenyewe. Sisi watoto tuliokulia pale tulilifanya neno hilo jina lake la utani, tukidhani hajui.

Alifariki Januari, wakati wa palizi, pamba ikiwa imefika magotini. Alikuwa diwani kwa vipindi viwili, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, katika kata iliyo upande wa barabara iendayo Lamadi. Kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na kabla ya vyote, na baada ya vyote, alikuwa mzee wa kanisa na mtunza hazina wa kanisa la AIC lililo mita mia chache kutoka kwake. Jina lake naliacha likae lilipo, kwenye madaftari ya kanisa na mihtasari ya halmashauri. Hakuwahi kupenda kuliona gazetini.

Hakujua tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yake aliukumbuka mwaka kwa njaa. Alichokikumbuka yeye vizuri ni safari za kwenda kuuza pamba na baba yake, katika miaka ya 1950, yeye akiwa mtoto wa kushika mkia wa msafara. Pamba ilibebwa kichwani kwenda kwenye vituo vya wanunuzi, na huko ilipimwa kwa ratili na karani aliyesimama akiikingia mizani mgongo. Mkulima alisikia namba, akapokea fedha, akaondoka. Babu yetu hakujua kusoma. Alikuwa na kibuyu chenye kokoto, kokoto moja kwa kila mzigo uliotoka nyumbani, na jioni alizimwaga chini akazihesabu mbele ya wanawe. Mizigo ilikuwa ile ile, mikubwa ile ile, lakini fedha hazikulingana na kokoto. Kila mwaka alizihesabu na kila mwaka zilikataa.

Malalamiko ya mizani hayakuwa ya babu peke yake. Usukuma mzima, kuanzia Mwanza hadi Maswa, wakulima walifika mahali wakaweka wapimaji wao wenyewe, mtu asimame kando ya mizani ya mnunuzi asome kwa niaba ya mwenye pamba. Katika vuguvugu hilo ndipo alipojitokeza Paul Bomani, kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Alizunguka vijijini akiunganisha vyama vya wakulima hadi mwaka 1955 likapatikana shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo miaka michache baadaye lilikuwa linanunua pamba ya Kanda ya Ziwa na kumiliki viwanda vyake vya kuichambua. Wakati huo TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Watu waliokatazwa kukutana kwa siasa walikutana kwa pamba. Bomani alikuja kuwa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha, kisha balozi wetu Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, lakini wazee wa kwetu walimkumbuka hadi mwisho kwa jambo moja: huyu ndiye aliyetuletea mizani.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu bila hilo Baba Mkubwa haeleweki. Siasa alijifunza kwenye mizani, na hesabu alijifunza kanisani. Injili ya AIC iliingia kwetu kupitia Nassa, kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo sasa ni wilaya ya Busega. Wamisionari wa Africa Inland Mission walikipokea kituo kile cha misheni kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, na kutoka hapo neno likasambaa kijiji kwa kijiji hadi kwetu. Baba Mkubwa aliingia darasa la ubatizo akiwa kijana. Alijifunza kusoma kwa Biblia ya Kisukuma, kidole kikifuata mstari, na alipojua kusoma wakampa kazi ya kuandika sadaka. Kazi hiyo aliifanya mpaka macho yalipomkatalia.

Wasomaji waliokulia makanisa ya vijijini wanajua mnada wa sadaka. Jumapili ya mavuno watu huleta walichonacho: debe la mtama, michembe, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye kibakuli, hata furushi la pamba. Ibada ikiisha vitu hutolewa nje chini ya mti, vikanadiwa. Nakumbuka jogoo mmoja mwekundu aliyeuzwa mara tano. Wa kwanza alimnunua akamrudisha, wa pili naye akamrudisha, na kila safari bei ilipanda, kwaya ikiimba na wanawake wakipiga vigelegele. Katikati ya shangwe hiyo Baba Mkubwa alikaa kwenye kiti cha shule, meza ndogo mbele yake, daftari limefunguliwa, akiandika mara zote tano: jina, jogoo, kiasi. Watu walipoanza kutawanyika alisimama akasoma kila mstari kwa sauti. Mama mmoja akasema yeye alitoa zaidi ya kilichosomwa, kwa tofauti ndogo tu. Baba Mkubwa akafungua kisanduku cha bati, akamwaga fedha mezani, wakaanza upya, watu wazima na watoto wamezunguka meza. Ilikuwa saa tisa alasiri, tangu asubuhi hatujala. Mama yule alikuwa sahihi. Baba Mkubwa akapiga mstari, akaandika kiasi sahihi kwa juu, akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akasoma tena ukurasa mzima tangu mwanzo.

Huo ndio utaratibu aliokwenda nao kwenye siasa, akitumia madaftari ya aina ile ile, yenye jalada gumu na mgongo mwekundu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Kila mtu anaijua sheria hiyo na vijiji vingi huipita kimyakimya. Kijijini kwetu, alipokuwa mwenyekiti, mkutano ulikuwepo hata msimu wa kulima, hata wakija watu ishirini. Alisoma kwa ishirini hao kama vile angesomea mia tano.

Kuna jambo la miaka hiyo ya uenyekiti ambalo ni zito kuliko hesabu zote. Miaka ya 1990 mauaji ya vikongwe yalikuwa yameenea Usukuma. Bibi aliyechoka, macho mekundu kwa moshi wa miaka hamsini wa kupikia mabua na samadi kavu, alinyooshewa kidole, na usiku mmoja mapanga yakaja. Kijijini kwetu alikuwapo mjane wa namna hiyo, anaishi peke yake ukingoni mwa mbuga. Ng'ombe wa jirani walikufa, kisha mtoto akafa, na minong'ono ikaanza. Baba Mkubwa hakuitisha mkutano wala hakwenda polisi kwanza. Alichukua mkeka, tochi na kitabu cha Tenzi za Rohoni, akaenda kulala mlangoni kwa bibi yule. Usiku wa pili walikuwa wazee wa kanisa watatu. Wakapeana zamu kwa majuma matatu, wakiimba hadi usiku wa manane ili kila aliyepita ajue pana watu. Sungusungu nao aliwaomba wapitie pale kila doria.

Juma la nne ndipo alipoitisha mkutano wa kijiji, akamketisha bibi mbele, akauliza kama kuna mtu mwenye jambo la kusema juu ya mama huyu alisemee hapa, mchana, na jina lake liandikwe. Akafungua daftari akashika kalamu, akasubiri. Baba yangu, aliyekuwapo, alisema ukimya ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba walisikia kengele za ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyesema. Baba Mkubwa akaandika kwamba hakuna aliyesema, akausoma mstari huo, akafunga mkutano. Bibi yule aliishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee kitandani mwake, na kanisa likamzika.

Uchaguzi wa mwaka 2000 aligombea udiwani kwa CCM, wakati Bariadi ilikuwa ngome ya chama cha UDP. John Cheyo wa chama hicho, mtoto wa huku huku, alikuwa amegombea urais mwaka 1995 na mwaka huo akagombea tena, na vijijini kwetu jina lake la Mapesa lilijulikana hata kwa watoto wachanga. Mpinzani wa Baba Mkubwa alitoka UDP. Mpinzani huyo alikuwa rafiki yake, tena mzee wa kanisa mwenzake, na Jumapili walikaa benchi moja, la pili kutoka mbele upande wa wanaume. Walikubaliana mambo mawili: kwamba hakuna kampeni kwenye uwanja wa kanisa, na kwamba hakuna atakayesema neno juu ya nyumba ya mwenzake. Miezi miwili walirushiana maneno makali ya kisiasa majukwaani kuhusu pamba, barabara na maji, na kila Jumapili mmoja aliposahau Biblia alisoma kwenye ya mwenzake. Baba Mkubwa alishinda kwa kura chache. Aliyekuja kwanza kumpongeza alikuwa rafiki yake huyo, na baiskeli yake mbovu, wakakaa chini ya mwembe kuitengeneza.

Udiwani alioukuta ulikuwa na mzigo wa kodi ya maendeleo. Vijana wa sasa hawaijui. Mgambo walipita vijijini kabla jua halijatoka wakiwatafuta wanaume wasio na stakabadhi, na wanaume wengine walilala mashambani kukwepa. Baba Mkubwa aliamini kodi ni halali na aliilipa wa kwanza. Kilichomkera ni fedha zilizochukuliwa bila karatasi. Alianza kutembea na watoza kodi, daftari kwapani, akiandika kila aliyelipa na namba ya stakabadhi, na mwisho wa mwezi alipeleka jumla yake halmashauri ilinganishwe na ya kwao. Alijipatia maadui wengi zaidi kwa jambo hilo kuliko kwa jingine lolote. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na madaftari yale bado yapo, yamefungwa kwa kamba ya mkonge.

Hakuwa malaika, na ningemkosea kama ningeacha kulisema lililomuuma zaidi. Binti yake wa kwanza alimaliza darasa la saba akiwa anajua kuandika kuliko kaka zake. Baba Mkubwa alimwoza. Ng'ombe waliingia zizini, na kwa wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Kwetu binti alihesabiwa kwa ng'ombe, na sheria ya ndoa ya mwaka 1971 yenyewe iliruhusu msichana aolewe na miaka kumi na mitano kwa ridhaa ya wazazi. Kesi ya Rebeca Gyumi iliyokuja kukiangusha kifungu hicho, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ilikuwa mbali sana.

Mwaka 2006 serikali ilisukuma kila kata iwe na sekondari yake. Mawe, mchanga na maji vilikuwa juu ya wananchi, na watu walikuwa wamechoka na michango. Jumapili moja, baada ya matangazo, Baba Mkubwa alisimama kanisani. Alisema alipokea ng'ombe 18 kwa ajili ya binti yake. Akawahesabu mmoja mmoja walivyokwisha: waliokufa kwa ukame, waliouzwa kwa ugonjwa, waliolipwa mahari ya kaka wa binti huyo. Akasema hesabu imefungwa, amebaki na deni, na anayemdai amekaa kule upande wa wanawake. Binti yake alikuwa pale, kwenye kwaya, ana watoto wanne. Baba Mkubwa akatoa maksai wawili kwa ajili ya jengo la kwanza, akakaa. Sijawahi kumwona mwanaume wa Kisukuma wa rika lake akisema maneno ya namna hiyo mbele ya watu.

Juma lililofuata wanawake ndio walioanza kubeba mawe. Nje ya ofisi ya kata aliweka ubao mweusi, na kila jioni uliandikwa saruji iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki. Mtu yeyote aliruhusiwa kuingia stoo kuhesabu mifuko. Wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza walipoanza, mjukuu wake, binti wa binti yule, alikuwa miongoni mwao.

Kilichomwondoa kwenye udiwani ni pamba. Mfumo wa ununuzi ulikuwa umefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi tangu katikati ya miaka ya 1990, na ushindani ukaleta tabia mpya: wakulima walianza kunyunyizia pamba maji na kuchanganya mchanga ili iongeze uzito. Baba Mkubwa, aliyepigana na mizani ya mnunuzi maisha yake yote, aliona huku ni kuiba kwa mizani ile ile. Alisimama kituoni akafungua mafurushi, na yaliyolowa akayarudisha, mojawapo likiwa la mkwewe. Wengi walimwona amewageuka. Mwaka 2010 akaangushwa kwenye kura za maoni ndani ya chama chake, kwa tofauti kubwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomshauri afumbe macho msimu mmoja tu. Aliniuliza baba yake angezimwaga wapi zile kokoto.

Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, yeye alikuwa ameshastaafu, analima na kutunza hazina ya kanisa. Alifurahi kwamba hatutakwenda tena Shinyanga kwa kila jambo la mkoa. Mwaka 2018 maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, nikampeleka. Alipita mabanda ya matrekta na mbegu bila kusimama sana, hadi alipoona mizani ya kielektroniki. Akaomba wampime. Namba zikawaka. Akashuka, akavua koti, akapanda tena. Kijana wa banda alipomwambia haina haja, mashine haikosei, mzee akamwambia kwa upole kwamba haja anayo anayepimwa.

Msimu uliofuata, 2019, bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo wakati soko la dunia limeshuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima walikabidhi pamba wakasubiri malipo kwa miezi. Simiyu, inayotoa sehemu kubwa kuliko mikoa yote ya pamba ya nchi hii, iliumia zaidi. Vocha zilipotea, nyingine zililowa na mvua. Watu wakaanza kumiminika kwa mzee asiye na cheo chochote, kwa sababu kilo zao zilikuwa zimepimwa chini ya mwembe na kuandikwa kwenye daftari lake, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Wengi wao ndio waliokuwa wamemnyima kura. Aliwasomea.

Siku ya maziko mvua ilinyesha usiku kucha, magari yakaachwa barabarani, watu wakatembea kwenye matope. Waliokuja na kofia za kijani na waliokuja na za rangi nyingine walikaa chini ya turubai moja, kwa kuwa lilikuwepo moja tu. Salamu za vyama zilitolewa kabla ya ibada, fupi, kama alivyoagiza. Binti yake wa kwanza alisoma historia ya marehemu. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono, na alipofika kwenye ng'ombe 18 hakuruka.

Baada ya kaburi kufunikwa, watu walibaki. Alikuwa ameacha agizo jingine: rambirambi na gharama zisomwe hadharani kabla mtu hajaondoka. Yule rafiki yake wa UDP, sasa ana fimbo, ndiye aliyekabidhiwa daftari jipya lenye mgongo mwekundu. Alisoma kwa zaidi ya nusu saa, majina na viasi, debe la mahindi, kuni, mbuzi, shilingi mia tano ya mtoto wa shule. Kisha akasoma matumizi, akafanya hesabu, akanyamaza. Fedha kwenye kisanduku zilipungua shilingi 2,000. Mtu mmoja nyuma akasema yaishe, ni kiasi kidogo, tuko msibani.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Akamwaga fedha zote juu ya meza, akamwita kijana mmoja amshikie taa ya simu kwa kuwa wingu lilikuwa limerudi, na wakaanza kuhesabu upya.